Mafuta Yanayovuja Chini ya Motokaa ya Zamani: Utunzaji wa Sili za Injini na Ovadraivu

Kasikeu ni nchi ya vilima, vumbi na mito ya mchanga. Iko katika Kaunti ya Makueni, si mbali na Sultan Hamud, mji ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Wakulima wake hupanda mahindi, kunde, ndengu na mbaazi, na wengi wana miembe na michungwa. Lakini vyakula vilivyojaa ghalani na matunda yaliyoiva mtini havimletei mtu fedha mpaka vifike sokoni. Kwa sababu hiyo motokaa, hata ikiwa ya zamani, ni mali kubwa kijijini. Mchana huchukua magunia, na usiku mwenyewe huamshwa ili mgonjwa apelekwe hospitali.

Kati ya motokaa za zamani zilizozoea nchi kavu kama hii, iliyo mashuhuri ni Land Rover. Ya kwanza ilitokea Uingereza mwaka 1948, na aina iitwayo Series III iliundwa tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985. Nyingine ziliunganishwa papa hapa Kenya, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. Siku hizi sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa nchini motokaa iliyopita umri wa miaka 8. Basi gari la namna hiyo likiharibika kabisa, si rahisi kupata jingine mfano wake. Aliye nalo hana budi kulitunza.

Adui wa kwanza wa gari hilo si mwamba wala shimo la njiani, bali ni tone la mafuta linaloanguka chini yake kila usiku. Watu wengine hufanya mzaha na kusema kwamba Land Rover isiyodondosha mafuta imekwisha mafuta. Mzaha huo umewagharimu watu wengi. Tone moja si kitu. Lakini matone ya miezi mitatu huweza kumaliza mafuta yaliyomo katika gia, na gia ikikauka huvunjika siku moja. Ndiyo maana wazee walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta.

SILI NI NINI

Sili ni pete ya mpira ambayo aghalabu hushikwa na bati. Huwekwa mahali ambapo shafti inayozunguka hutoka nje ya chumba cha mafuta. Mdomo wake mwembamba huigusa shafti pande zote, na springi ndogo iliyo nyuma ya mdomo huubana. Kazi ya sili ni mbili: kuyazuia mafuta yasitoke, na kulizuia vumbi lisiingie.

Mahali ambapo vyuma viwili hukutana bila kuzunguka hapatiwi sili, bali gasketi, ambayo ni kipande cha karatasi ngumu, mpira au gamba laini la mti. Yafaa mwenye gari aijue tofauti hii, maana gasketi nyingi zaweza kubadilishwa nyumbani kwa spana chache, bali sili nyingine hudai kuteremshwa kwa gia boksi nzima.

Mpira wa sili huzeeka. Joto huufanya ukauke na kuwa mgumu, na vumbi likishikwa na mafuta huwa kama msasa, likausugua mdomo wake na kuichimba shafti yenyewe. Gari lililokaa miezi mingi bila kutembea huharibika vile vile, kwa sababu mdomo wa sili hukauka mahali pamoja, na gari likiondoka siku ya kwanza mpira huo hupasuka.

CHANZO KITAFUTWE KWANZA

Kosa kubwa la watu wengi ni kuanza kufungua kabla ya kujua mafuta yanatoka wapi. Tukio la namna hii hutokea mara nyingi: mzee mmoja aona mafuta yakidondoka katikati ya gari, mahali injini inapokutana na gia boksi. Fundi kijana aliyeitwa achungulia chini na kusema, "Mzee, sili ya nyuma ya kranki imekufa. Lazima gia boksi ishuke." Mzee amjibu, "Mwanangu, tuoshe kwanza, kisha tutasema." Injini inaoshwa, gari linatembezwa, na wote wawili waona kwamba mafuta yanatoka juu kabisa, kwenye gasketi ya kofia ya vali. Yalikuwa yakiteremka nyuma ya injini na kudondokea pale pale ambapo yangedondokea ya sili. Gasketi yabadilishwa kwa muda mfupi, na kazi ya siku mbili imeepukwa.

Basi utaratibu uwe huu. Injini iliyopoa ioshwe chini na kando kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ikaushwe kwa matambara. Petroli isitumiwe kuoshea kamwe, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Mahali panaposhukiwa papakwe chaki iliyosagwa. Gari litembezwe kilomita chache, kisha lisimamishwe mahali palipo sawa, na gazeti kuukuu litandikwe chini yake.

Katika kuangalia, kanuni moja ikumbukwe: mafuta huteremka, na upepo wa mwendo huyasukuma nyuma. Kwa hiyo chanzo si mahali palipolowa zaidi, bali ni mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye mafuta. Chaki iliyogeuka rangi itaonyesha njia yake.

Kadhalika mafuta yenyewe husema yalikotoka. Mafuta ya injini iliyotumika ni meusi na mepesi. Mafuta ya gia ni mazito, na yana harufu kali ya kiberiti. Chini ya nyumba ya flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini, Land Rover ina tundu dogo. Tundu hilo huzibwa kwa bolti gari linapovuka maji mengi tu. Siku nyingine huachwa wazi. Mafuta yakitoka hapo, na juu ya injini ni pakavu, basi tatizo liko ndani. Yakiwa meusi na mepesi, sili ya nyuma ya krankishafti ndiyo inayoshukiwa. Yakiwa mazito yenye harufu, sili ya mbele ya gia boksi imechoka. Yasiachwe, maana yakiifikia klachi itateleza, na gari halitapanda kilima.

INJINI ISIYOWEZA KUPUMUA

Kabla ya kununua sili hata moja, mwenye gari na aangalie tundu la kupumulia la injini. Petroli au dizeli inapowaka, hewa kidogo ya moto hupenya kando ya pistoni na kushuka chini kwenye mafuta. Hewa hiyo hutakiwa kutoka kwa njia ya kifuniko chenye wavu wa waya. Katika nchi ya vumbi wavu huo huziba upesi. Hewa ikikosa njia, hujikusanya na kuyasukuma mafuta nje kwa kupitia sili, hata zikiwa mpya. Wavu uoshwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe, urudishwe. Gia boksi na difu pia zina matundu yao ya kupumulia, nayo yazibuliwe.

Kisha injini iwashwe na kifuniko cha kutilia mafuta kifunguliwe polepole. Moshi ukitoka kwa nguvu na kwa kupigapiga, hiyo ni dalili kwamba ringi za pistoni zimelika. Injini ya namna hiyo yadai matengenezo makubwa zaidi. Kuitia sili mpya ni kama kuziba mtungi uliopasuka kitako.

KUBADILI SILI

Sili inunuliwe kwa namba ya injini, si kwa kukisia kwa macho. Injini ya Land Rover ya sentimita 2,286 za ujazo iliundwa kwa miaka mingi na ilibadilishwa mara kadhaa. Katika mwaka 1980 hata idadi ya beringi zinazoshika krankishafti iliongezwa kutoka 3 kuwa 5. Namba ya injini iandikwe kwenye karatasi na kupelekwa dukani pamoja na sili ya zamani.

Sili ya mbele ya krankishafti yaweza kubadilishwa na mtu mwangalifu nyumbani. Rejeta hutolewa, mkanda wa feni hufunguliwa, kisha nati kubwa na puli hutolewa, ndipo kifuniko cha cheni chenye sili huweza kufikiwa. Sili ya nyuma ni kazi nyingine. Ili kuifikia ni lazima gia boksi itolewe, na katika Land Rover ya zamani hiyo hutolewa kwa juu, baada ya viti na sakafu kuondolewa. Kazi hiyo yafaa ifanywe pamoja na fundi mzoefu, tena watu watatu au wanne wenye mnyororo wa kuinulia ulio imara.

Mahali popote sili inapotiwa, mambo haya yafuatwe:

Kwanza, sili ya zamani ikitolewa, shafti isikwaruzwe kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja mdogo watosha kuiharibu sili mpya siku ile ile.

Pili, shafti ipanguswe na kupapaswa kwa ukucha. Ukucha ukikwama katika mfereji, ujue umechimbwa na sili ya zamani. Sili mpya yaweza kuwekwa mbele kidogo au nyuma kidogo ili mdomo wake uguse mahali laini, ama shafti ivishwe ringi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tatu, mdomo wenye springi huelekea upande wa mafuta. Sili ikigeuzwa, hata iwe ya bei kubwa namna gani, itavuja.

Nne, mdomo upakwe mafuta kabla ya kuvishwa, usije ukaungua injini inapowashwa mara ya kwanza.

Tano, sili isipigwe nyundo yenyewe. Kipande cha mbao au bomba lenye upana sawa na sili liwekwe juu yake, na lipigwe polepole pande zote ili iingie sawasawa.

Sita, ikiwa sili ya nyuma ni ile ya kukatwa inayozungushiwa krankishafti, maungio ya mpira na maungio ya springi yake yasikutane mahali pamoja.

Katika kufunga gasketi, bolti zikazwe kidogo kidogo na kwa kupokezana, hii ya upande huu na ile ya upande wa pili. Mtu mwenye nguvu nyingi huikaza kofia ya vali mpaka gasketi ikapasuka, kisha hushangaa kuona inavuja kuliko mwanzo. Gundi ya gasketi itiwe kidogo tu. Ikizidi humeguka ndani, na vipande vyake huweza kuziba chujio la pampu ya mafuta na kuiua injini nzima.

OVADRAIVU NA KAZI YAKE

Land Rover ya zamani ina gia nne. Iliundwa kwa ajili ya shamba na njia mbaya, na katika barabara ya lami injini yake hupiga kelele nyingi na kunywa mafuta mengi. Kwa hiyo wenye magari wengine hufungiwa gia ya ziada iitwayo ovadraivu. Iliyojulikana zaidi kwa Land Rover ni ile ya kampuni ya Fairey ya Uingereza. Hufungwa nyuma ya transfa, yaani ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, nayo ina mkono wake mdogo kando ya dereva.

Faida yake ni hii. Mahali ambapo injini ingezunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa ovadraivu huzunguka kama mara 2,350 tu, na mwendo wa gari ni ule ule. Injini hutulia, kelele hupungua, na petroli huenda mbali zaidi. Lakini ovadraivu si ya kila mahali. Yafaa katika barabara iliyonyooka. Gari lililojaa magunia likipanda kilima, dereva aitoe ovadraivu na atumie gia za kawaida, kwa kuwa meno yake hayakuundwa kwa ajili ya taabu hiyo. Tena kila anapoiingiza au kuitoa akanyage klachi.

Ovadraivu ya Fairey ina mafuta yake peke yake, nayo si mengi. Hilo ndilo jambo ambalo watu husahau. Hupima mafuta ya injini kila asubuhi, na ovadraivu haiangaliwi mwaka mzima. Mtambo wenye mafuta machache hauwezi kuvumilia kuvuja, hata kidogo. Aghalabu ovadraivu haifi kwa uzee, hufa kwa kiu.

Basi kila juma, na kabla ya kila safari ndefu, gari lisimamishwe mahali palipo sawa, lipoe, na bolti ya kupimia ifunguliwe. Mafuta yafike kwenye ukingo wa tundu. Yakipungua, yaongezwe mafuta ya gia ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Yanapomwagwa yachunguzwe katika bakuli safi. Unga mwembamba wa chuma si ajabu, lakini vipande vinavyong'aa ni habari kwamba beringi au meno yanalika, na ovadraivu isitumiwe tena mpaka ifunguliwe. Mlio wa kulia kama filimbi unaoanza ovadraivu inapoingizwa na kukoma inapotolewa ni habari ya namna hiyo hiyo.

MAFUTA YANAYOHAMA

Wakati mwingine ovadraivu hukauka na nje hakuna hata tone. Mwenye gari husema, "Limekula mafuta." Gia haili mafuta, yamehama. Kati ya ovadraivu na transfa kuna sili ya ndani, na ikichoka mafuta hupita upande wa pili. Kadhalika mafuta ya gia boksi kubwa huweza kuhamia transfa. Ili kujua, vyumba vyote vitatu vipimwe siku moja na kujazwa sawasawa. Baada ya mwendo wa kilomita 100 vipimwe tena. Ikiwa ovadraivu imepungua na transfa imefurika, sili iliyokufa ni ile ya ndani.

Ovadraivu ikiteremshwa kwa ajili ya sili hiyo, ni nafasi ya kupapasa meno ya shafti inayoiendesha. Yakicheza sana au yakiwa na ncha kali kama msumeno, sili mpya peke yake haitaponya, na shauri la fundi wa gia litakiwe. Yakiwa mazima, nyuso za vyuma zisafishwe, gasketi mpya ya karatasi itiwe, na mtambo urudishwe kwa kunyooka bila kulazimishwa.

OVADRAIVU YA NAMNA NYINGINE

Motokaa ndogo kadhaa za Ulaya za miaka ya 1950 hata 1970, kama vile Volvo, Triumph na MG, zilifungwa ovadraivu ya Laycock. Hiyo haifanyi kazi kwa mkono bali kwa umeme na kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, na aghalabu hutumia mafuta yale yale ya gia boksi. Isipoingia, mtu asiifungue upesi. Kwanza apime mafuta. Pili aangalie fyuzi, swichi na waya, kwa maana mara nyingi kosa ni waya uliokatika au ulioshika kutu. Tatu asafishe chujio. Kabla ya kufungua bolti yoyote yake, injini ikiwa imezimwa na umeme umefunguliwa, swichi iwashwe na kuzimwa mara 10 au 12 ili mafuta yaliyobanwa ndani yapunguze nguvu. Yasipopunguzwa huweza kuruka na kumuumiza mtu. Tena gari lisirudishwe nyuma ovadraivu hiyo ikiwa imeingia, kwa kuwa sehemu yake inayozunguka upande mmoja tu itavunjika.

HATARI ZA KUKUMBUKWA

Katika Land Rover ya zamani breki ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Jambo hili lina hatari mbili. Ya kwanza, sili ya nyuma ya transfa ikivuja, mafuta hulowesha breki hiyo, na gari lililoachwa kilimani huweza kuteremka lenyewe. Ya pili, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, au shafti ya nyuma ikifunguliwa, breki ya mkono haizuii gari tena. Kwa hiyo magurudumu yaliyo chini yawekewe magogo au mawe makubwa mbele na nyuma kabla ya jeki kuguswa.

Wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na huzama katika udongo laini. Liwekwe juu ya vigingi vya chuma au magogo mapana yaliyopangwa imara. Waya wa betri uondolewe, watoto wakae mbali, na mafuta ya moto yasimwagwe mpaka yapoe.

Mafuta machafu yasimwagwe katika mto wa mchanga. Watu wa Makueni na Kitui huchimba mchanga huo ili wapate maji wakati wa kiangazi, na mafuta yaliyomwagwa juu hushuka mpaka kwenye maji ya kunywa. Yakusanywe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa gereji inayoyapokea. Wala yasipakwe kwenye ngozi ya mtu au vidonda vya mifugo.

Kwa ufupi, mwenye motokaa ya zamani hahitaji kuwa fundi mkuu. Yatosha awe na daftari, na kila juma aandike ndani yake tarehe, kilomita, na kiasi cha mafuta alichoongeza katika injini, gia boksi, transfa na ovadraivu. Hesabu ikipanda, atajua pamefunguka njia ya kuvuja, naye atapaosha na kupatafuta sili ikiwa bado ni kitu cha bei ndogo. Asiyeandika atapata habari hiyo usiku, mbali na nyumbani, akiwa na mgonjwa ndani ya gari.